Mjomba wa Kukodi

Mume wangu Idefonsi alikuwa akiishi kwa mdomo wake. Simtukani, ndiyo kazi yenyewe. Kutoka Kibimba tunakokaa sisi hadi huko Rusumo, watu walimwita akawasemee kwenye posa na mahari. Wapo waliomwita kwa sababu wajomba zao walifia njiani miaka ile ya kukimbia vita kutoka ng'ambo ya mpaka, wapo ambao wajomba walibaki ng'ambo na hakuna ajuaye waliko, na wapo Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao upande wa Biharamulo wakauacha ukoo mzima Shinyanga. Posa haisogei bila mtu mzima wa kusimama na kusema, basi walimkodi Idefonsi. Alijifunga shuka lake jeupe begani, akasimama, akasema "sisi wa ukoo huu," na kwa mchana mzima akawa mjomba wa watu ambao wiki iliyopita hakuwajua hata kwa sura.

Mimi Evarista, mke wake, niliishi kwa kusubiri simu yake iite.

Kazi hiyo ilikuwa na ubaya ambao hata paroko wetu angeukubali. Kwaresima ndoa hazifungwi, Majilio hazifungwi, na wakati wa kupalilia maharage hakuna mwenye muda wa kuposa. Msimu ukiwa mzuri tulikula paja la mbuzi mpaka tukalichoka. Msimu ukikauka tulikaa tunatazamana kama watu waliokutana kituoni. Nilikuwa na mimba kubwa mwaka huo, na kwa mtoto wetu wa kwanza, Spesioza, nilipasuliwa, tukauza mabati tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya nyumba. Mabati mengine hatukuwa nayo. Kila nilipolala nilihesabu wiki zilizobaki, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu hesabu yenyewe ilinitoa jasho.

Ndipo akaja Frednand. Huyu alikuwa msimamizi wa mkandarasi mmoja anayejenga barabara upande wa Biharamulo, na alikuwa amemsikia Idefonsi kwenye posa ya binamu yake. Alimtaka awe mtu wa kampuni wa kuongea na wanavijiji, barabara inapopita kwenye migomba na viwanja vyao. Ajira ya kudumu. Mshahara kila mwezi, likizo, na bima ya afya ya mke na watoto. Alimpa mpaka Jumatatu ya pili baada ya Pasaka afike ofisini kusaini, la sivyo nafasi ingepewa mwingine.

Mimi niliposikia neno bima nilikaa chini. Idefonsi alisema atafikiria.

Alifikiria mpaka nikataka kumpiga na mwiko. Leo alisema hawezi kazi ya kuamshwa na saa. Kesho yake alisema mtu akishaajiriwa anasema anachoambiwa, na yeye mdomo wake haujawahi kuwa na bosi. Nikamuuliza wale wanaomkodi wao humwambia aseme nini, maana sijawahi kumsikia akisema bwana harusi ni mlevi hata pale alipokuwa amelewa mbele ya macho yetu. Alicheka tu. Nilijua kuna jambo jingine, na nilijua ni lipi. Nilikuwa ninasubiri alitoe mwenyewe.

Alilitoa asubuhi moja akiwa anapiga viatu rangi, bila kuniangalia.

"Mama Spesioza, nikiiacha hii, nitakuwa mjomba wa nani?"

Idefonsi alizaliwa Lukole, kwenye kambi ya wakimbizi. Baba hakumjua. Mama yake alimlea peke yake, akafariki kabla hatujaoana, na hakuacha kaka wala dada wa kumwonyesha mwanawe. Alipokuja kuniposa kwetu hakuwa na mtu wa kumsemea, akasimama akajisemea mwenyewe, kijana wa watu, shati limelowa mgongoni, na baba yangu akakubali kwa kumwonea huruma kwanza na kwa kumpenda baadaye. Sifa zake zilianzia hapo. Wasio na wajomba walimfuata yeye asiye na mjomba. Nilichukua kiatu cha pili nikampigia rangi mwenyewe.

Tukakubaliana hivi: alikuwa ameshachukua kazi mbili za Jumamosi ya mwisho kabla ya ile Jumatatu. Azifanye, kisha Jumapili tukitoka kanisani anipe jibu moja lisilo na kona. Likiwa hapana, sitamsumbua tena, nitatafuta pa kujifungulia kwa njia zangu. Nilisema hivyo kwa sauti ya upole, na roho yangu ilikuwa mkononi.

Sasa nieleze hizo kazi mbili, maana mambo yote yalitokana nazo.

Huku kwetu anayekwenda kuposa hataji nyumba anayokwenda, na wenye binti nao hawatangazi anayekuja. Ukitaja mapema ni kama unajigawia ambacho hujapewa, na mgeni akigeuza njia, aliyetangaza anabaki kuchekwa. Idefonsi alilishika sharti hilo kuliko anavyoshika kanuni ya imani. Mzee mmoja wa Kisukuma kutoka Biharamulo, Nshoma Mashimba, alipokuja kwetu kumkodi amsemee mwanawe Laurian, alianza kueleza wanakokwenda. Idefonsi alimnyamazisha kwa mkono. Akamwambia mzee, kwetu nyumba haitajwi, nitaiona nikifika. Mzee wa watu akaomba radhi kwa kutojua mila, akala ugali wangu, akamweleza hali yao yote: wana ng'ombe wangapi, wanaweza kutoa wangapi, na wakibanwa sana wataongeza nini. Akasema ni Jumamosi saa tisa, watampigia simu wakikaribia wampitie alipo.

Siku chache kabla yake alikuwa amekuja Matiasi Manirakiza wa Kirushya, mkulima mpole mwenye binti aitwaye Clarisse. Naye alisema ana wageni wa mbali Jumamosi saa sita, hakuwataja, na Idefonsi akamsifu kwa kuijua mila. Naye alimweleza yote: wataomba nini, na wakilegezwa watashukia wapi.

Msomaji ameshaona. Idefonsi hakuona. Alipanga Kirushya mchana, kisha arukie pikipiki akakutane na kina Mashimba alasiri. Hakukumbuka kwamba mwenye binti husema saa sita kwa sababu anajua wageni huchelewa, na mgeni husema saa tisa kwa sababu anajijua.

Nilikwenda naye Kirushya. Nilimwambia ninakwenda kusaidia jikoni, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kuiona kazi hiyo kwa macho yangu, nijue ninachomwomba aache. Nilipokelewa na Mukeshimana, mke wa Matiasi na mama yake Clarisse, mwanamke mwembamba asiyekaa chini, akaniweka kwenye kigoda karibu na masufuria pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi. Turubai lilikuwa limefungwa uani, viti vya wenyeji upande huu, vya wageni upande ule. Idefonsi alikaa kiti cha mbele cha wenyeji, shuka begani, simu ameizima kama afanyavyo siku zote kazini. Alipendeza. Niliona jinsi wazee wa pale walivyomsogezea meza, jinsi watoto walivyomwamkia shikamoo mjomba, na jinsi alivyoitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nyumba ile. Moyo ukanichoma. Nikamenya ndizi.

Wageni walifika wamechelewa kama ilivyo ada, gari mbili. Aliyeshuka wa kwanza, kofia mkononi, alikuwa Nshoma Mashimba.

Kisu kilinitoka. Nilitazama upande wa Idefonsi nikakuta ameshamwona, maana uso wake ulikuwa umepauka hata rangi ya shuka ikaonekana ina afadhali. Wageni walikaa. Sharti ni kwamba hawapewi hata maji mpaka msemaji wao asimame aombe kukaribishwa, na wao msemaji hawakuwa naye. Mzee Nshoma alikuwa anabonyeza simu, anaweka sikioni, anatazama barabarani. Alimnong'oneza Laurian. Alibonyeza tena. Kisha akainua macho, akatazama mbele yake, upande wa wenyeji, kiti cha mbele, na mkono wenye simu ukashuka taratibu mpaka kwenye goti.

"Huyu si ndiye mtu wetu?" aliuliza.

Hakuuliza kwa hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu watu wote walisikia.

Upande wetu ukaanza kunguruma. Jirani mmoja wa Matiasi alisema kwa sauti kwamba basi siri zao zote ziko Biharamulo. Kijana wa upande wa wageni akajibu kwamba na zao ziko Kirushya. Mtu akasema amekula pande mbili. Mwingine akasema waondoke. Nilimwona Clarisse dirishani akiwa amevaa, ametulia kama picha, na Laurian kwenye kiti chake anamtazama baba yake, asiyejua kama atasimama kwenda kwenye gari au atabaki. Wale vijana wawili hawakuwa wamekosa chochote.

Idefonsi alisimama. Nilimjua vizuri mume wangu. Nilijua ana maneno matano ya kujitoa, yote mazuri, na kila moja lingewafanya watu wacheke na yeye akabaki mjomba. Nilimwona anayatafuta. Kisha nikaona ameacha kutafuta.

"Wazee wangu, kosa ni langu," alisema. "Nilichukua kazi mbili bila kuuliza, nikaona ninafuata mila, kumbe ninajipenda. Ninajua mwisho wa hawa na ninajua mwisho wa hawa. Nikisemea upande wowote leo, nitakuwa nimewaibia wengine. Kwa hiyo siwezi kuwasemea. Matiasi ana mdomo, mzee Nshoma ana mdomo. Na mambo yenu yako salama kwangu, sikuwahi kuyatoa."

Akavua shuka, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Akatembea mbele ya watu wote kuja jikoni, akavuta gogo, akakaa kando yangu, akachukua kisu changu na ndizi akaanza kumenya. Wanawake walimtazama. Mimi nikamsogezea beseni, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Uani watu wakamgeukia mwenye nyumba. Matiasi alikuwa amekaa ameinamisha kichwa. Mtu huyu aliingia Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake. Hakuna mzee aliyewahi kumfundisha kusimama mbele ya wageni, ndiyo maana alikodi. Idefonsi alikuwa ameacha kumenya. Alishika ndizi tu.

Matiasi alisimama. Alianza Kirundi, akaona wageni hawaelewi, akahamia Kiswahili. Alisahau kuwauliza wanatafuta nini, kama inavyotakiwa. Alisahau kujifanya hana binti.

"Mimi sijui kusema," alisema. "Nina huyu mtoto, ninyi mmemfuata. Mimi sikukaa na baba yangu, kwa hiyo sijui wazee walikuwa wanadai vipi. Ninajua nisichotaka. Sitaki apigwe. Na akija kunisalimu msimuulize anarudi lini."

Akakaa. Hakujua kama amemaliza.

Mzee Nshoma naye alisimama, akashindwa kuanza, akavaa kofia, akaivua. Alisema yeye amezoea kuongea na ng'ombe, wao hawamuulizi maneno. Watu wakacheka kidogo, na kicheko hicho kilipita uani kama mlango uliofunguliwa. Akasema alimleta Laurian huku akiwa mdogo, wakiwa hawana jirani hata mmoja, na mama wa kwanza kuwapa mbegu za maharage alikuwa mama wa Kirundi. Akasema mtoto wake akimpiga binti wa watu, yeye Nshoma atamrudisha binti mwenyewe, kwa miguu, na ng'ombe wabaki huku huku. Kisha akataja walichonacho, chote, bila kuficha hata kile cha kuongeza wakibanwa. Matiasi akasema kinatosha, nacho ni kingi kuliko alivyotaka kuomba. Wakabaki wanatazamana, hakuna anayejua mtu afanye nini watu wakishakubaliana haraka hivyo, mpaka Mukeshimana akapita katikati na kreti ya soda akisema wageni wana kiu.

Kwa kawaida shughuli kama ile humaliza alasiri yote. Siku ile chakula kilikuwa bado hakijaiva.

Nilimwangalia Idefonsi. Macho yalikuwa yamemlowa, na alikuwa anatabasamu, na sikuweza kujua lipi lilitangulia.

"Wanaweza," aliniambia polepole. "Miaka yote hii nilidhani hawawezi."

Nilimuuliza kama inamuuma. Alisema ndiyo, inamuuma sana, na tena anajisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni ambao hakuna aliyemwomba aubebe. Nilimshika mkono, vidole vyote utomvu wa ndizi. Sikujali.

Watu walipokuwa wanakula alimfuata Mukeshimana nyuma ya jiko kumrudishia fedha walizomtangulizia. Nilikuwa karibu, nilisikia. Alijua atakataa, huku kwetu mtu hukataa mara ya kwanza, kisha mnasukumana mpaka mmoja achoke. Mukeshimana hakukataa. Alinyoosha mkono, akazipokea, akazifunga kwenye ncha ya kitenge. Niliona bega la mume wangu linavyoshuka. Alidhani amefukuzwa.

"Nimezichukua makusudi," Mukeshimana alisema. "Aliyelipwa ni fundi, na fundi siwezi kumwita kaka. Kaka zangu walikuwa watatu na wote walibaki kule. Harusi ni Jumamosi ile nyingine, paroko ameshaturuhusu tusisubiri matangazo. Siku ile mtoto anahitaji mjomba wa kumshika mkono kumtoa nyumbani. Mimi nilikuwa ninatafuta wa kumkodi. Sasa hivi nakuomba wewe, bure. Utakuja?"

 Idefonsi, mtu wa maneno, akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena, mpaka Mukeshimana akamshika mashavu mawili kama mtu anayemtuliza mtoto, na mimi nikaondoka kwenda kutafuta chumvi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Mzee Nshoma yeye hakudai kitu. Alimpigapiga mgongoni wakati wa kuaga akamwambia safari nyingine aulize nyumba.

Sikusubiri Jumapili. Tukiwa njiani kurudi Kibimba, jua bado liko juu, nilimuuliza kuhusu Biharamulo. Alisema atakwenda kusaini. Nikamuuliza kama ni kwa ajili yangu na tumbo hili, maana sitaki anibebeshe lawama baadaye. Alisema nusu ni kwa ajili yangu. Nusu nyingine ni kwamba amechoka kuingia kila nyumba kama ndugu na kutoka kama mgeni, na sasa hana sababu tena ya kufanya hivyo. Nilisimama barabarani nikacheka mpaka mtoto tumboni akanipiga teke. Ahueni niliyoipata siwezi kuieleza. Miguu yenyewe ilikuwa haina uzito.

Jumatatu alisaini. Jumanne na Jumatano aliamka kwa saa ya simu, akilalamika, na nilimpenda kwa kila lalamiko. Alhamisi ikabidi aombe ruhusa, kwa sababu kampuni hufanya kazi Jumamosi, na mtu ambaye hajamaliza hata wiki moja haombi ruhusa bila kutokwa na jasho jembamba. Alinisimulia jioni. Frednand alimwambia mfanyakazi mpya hapewi siku, isipokuwa kwa msiba au kwa harusi ya ndugu wa karibu kabisa. Akamuuliza, anayeolewa ni nani wako.

"Mpwa wangu," Idefonsi alisema.

Frednand akampa siku nzima.

Jumamosi ile alimshika Clarisse mkono akatoka naye mlangoni, kisha kanisani akakaa benchi la mbele, upande wa wajomba, peke yake. Hakusema neno hata moja mpaka misa inaisha, na hakuna aliyemtegemea aseme.